Siku Niliyopimiwa Fimbo ya Gofu

Sikuwa na viatu. Sikuwa na baiskeli, wala mahali pa kuiegesha kama ningekuwa nayo. Sikuwa na suruali nzima, kwa sababu ile iliyokuwa nzima mliiona wiki iliyopita ikiungua kwa pasi ya mkaa. Sikuwa na kazi ya mshahara wa mwezi. Sikuwa na mkubwa wa kunisemea. Na Rosa sikuwa naye. Nilikuwa na ahadi tu ya kumpata, na ahadi yenyewe ilikuwa na mwisho wake.

Nilichokuwa nacho ni cheti cha shule ya jioni ya misheni, nilichokitunza ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na mwandiko mzuri. Nasema mzuri bila kujisifu. Hata leo, na uzee huu, mhariri wa gazeti hili husema hapokei karatasi safi kama zangu.

Kwa msomaji aliyechelewa: tuko Ifakara, mwaka 1956. Mimi Eustaki, kijana wa kutoka milima ya Mahenge, nawabebea fimbo za gofu Wazungu wapima mto, waliojitengenezea kiwanja kidogo kando ya uwanja wa ndege. Rosa ni binti wa Mwalimu Marselino, katekista wa Mchombe. Pasaka ile nilikwenda kumposa nikiwa na suruali iliyoungua na miguu mitupu. Mwalimu alinitazama kuanzia juu, akashuka taratibu, akakwama miguuni.

"Mwanangu," akasema, "rudi ukiwa na viatu na kazi. Krismasi ikikupita, yuko mtu wa Namawala. Ana mashamba ya mpunga na hana maneno mengi."

Basi mwezi wa Oktoba Mungu akanikumbuka. Au nilidhani ni Mungu.

Mkubwa wa wale wapima mto tulimwita Bwana Rula, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kipimo mkononi. Jioni moja alitukusanya sote tuliobeba fimbo, akatangaza kwamba anatafuta mnyapara wa kiwanja, mtu wa mshahara, mwenye kofia na ufunguo wa stoo. Na kwa vile sote tulikuwa tunaitaka kazi hiyo, tutashindana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Atakayeshinda ndiye mnyapara.

"Kushindana kwa nini, bwana?"

"Kusukuma," akasema.

Kwa asiyeijua gofu, ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kama yai la kanga mpaka uingie shimoni. Kuna fimbo za kupigia mbali, lakini ukishafika karibu na shimo unashika fimbo ya kusukumia, na hapo ndipo watu wazima hulia. Pale kwetu shimo halikuzungukwa na majani. Lilizungukwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya malori, ukalainishwa kwa kuburutiwa gunia. Mpira ulikwenda juu yake kama mtu anayenyatia.

Nilijaribu kusukuma mbele ya Bwana Rula. Mpira ukaenda kushoto. Nikajaribu tena. Kushoto.

"Fimbo hii si yako," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Hii ya mtu mrefu. Mwisho inagonga tumbo. Ulaya iko fundi, anapima mtu kwanza. Mkono, mguu, jicho. Halafu anakata fimbo. Kama suti."

"Kama suti, bwana?"

"Kama suti."

Neno hilo liliniingia. Maisha yangu yote hakuna kitu kilichokatwa kwa ajili yangu. Kila nguo niliyovaa ilianza kuvaliwa na mtu mwingine. Bwana Rula akanipa kichwa cha chuma cha fimbo yake ya zamani iliyovunjika, akasema kama naweza kupata mpini, nitumie.

Mwenzangu Kelestini alicheka mpaka akakaa chini. Huyu alikuwa mtu wa mtoni, mwembamba, mwenye mkono mzuri kuliko sote, na alisukuma kwa fimbo yoyote aliyopewa, hata iliyopinda.

"Upimwe!" akasema. "Mpira una macho? Utajua fimbo imetoka kwa fundi?"

"Wewe mpini wa jembe ukiwa mrefu unafanyaje?"

"Naukata."

"Unaukata wapi?"

"Panaponifaa."

"Basi umejipima, bwana. Tofauti ni kwamba mimi nataka anipime anayejua. Nitakwenda kwa Fundi Ponsiano."

Kicheko kikakatika palepale.

"Kwa nani?"

"Ponsiano, mchonga makafi ya mitumbwi. Nani mwingine hapa anayempima mtu kabla hajakata mti?"

"Usiende."

"Kwa nini?"

"Eustaki, nakwambia usiende. Nenda kwa seremala wa misheni."

"Yule anatengeneza majeneza."

"Afadhali jeneza," akasema Kelestini, akainuka na kwenda zake.

Najua wivu ninapouona. Kila mtu kando ya mto alifahamu kwamba Kelestini mwenyewe amewahi kwenda kwa Ponsiano kuomba kupimwa, akafukuzwa, akarudi tena, akafukuzwa tena. Nikasema moyoni, kumbe fundi anachagua watu. Watu wa milimani tuna haraka ya kuelewa.

Asubuhi iliyofuata nikatafuta jogoo mzuri wa kumpelekea fundi kama asante ya kutangulia, nikateremka mtoni.

Ponsiano alikuwa chini ya kibanda chake, anachonga kafi kwa tezo. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya kuvusha mto, na hakuwa na unyenyekevu hata kidogo. Alikuwa akiwaambia wavuvi wawili kwamba mtumbwi wake kiboko akiuona huupisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Eustaki, baba. Nimekuja unipime."

Tezo likasimama hewani.

"Umesema nini?"

"Nipime, baba."

Akaliweka tezo chini kwa heshima kama mtu aliye kanisani. Akamtazama jogoo.

"Na huyu jogoo?"

"Ni wako, baba."

"Domitila!" akaita. "Leta kigoda!"

Akatoka binti yake, msichana mrefu mwenye uso wa kufikiri. Akaweka kigoda, akanitazama mimi, akamtazama jogoo, akaingia ndani.

Ndipo fundi akaanza maswali. Kwetu ni wapi? Baba yangu yu hai? Mama je? Kwetu kuna kifafa? Kuna mtu amewahi kumpiga mkewe mpaka majirani wakaingia? Mjomba wangu mkubwa ni nani na anaishi wapi?

"Mjomba Donati, baba. Yuko Mlimba."

"Mlimba. Vizuri. Mlimba si mbali."

Nikajisemea, huyu ndiye fundi. Anauliza mpaka ukoo kabla hajagusa mti. Huko Ulaya hawafiki hapa.

Akanisimamisha ndani ya mtumbwi uliofungwa kwenye kigingi. Miguu mitupu, maji yakicheza chini yangu.

"Simama kama mtu anayekwenda mahali, usisimame kama nguzo ya kanisa. Hivyo. Legeza magoti. Mbona unaegemea kushoto kama nyumba ya mlevi?"

"Sijui, baba."

"Mimi najua. Jicho lako la kushoto ndilo linaloongoza. Mtu wa namna hiyo ukimpa kafi refu anazunguka palepale kama bata."

Akakata bua la mtete, akalisimamisha pembeni yangu kuanzia kwenye wayo hadi kwenye kifundo cha mkono, akalikata tena, akaniambia niuning'inize mkono, akalikata kidogo zaidi. Kisha akapokea kile kichwa cha chuma, akakigeuzageuza.

"Na hiki?"

"Kiwe mwishoni, baba. Cha kusukumia mpira."

"Kafi la chuma," akawaambia wavuvi. "Vijana wa siku hizi kila mmoja na tambo lake. Haya. Sisi tulileta samaki, wao wanaleta chuma."

"Nitalipa nini, baba?"

Hapo fundi alicheka mpaka mtumbwi ukanitikisa nusura niingie majini. Wavuvi nao wakacheka, mmoja akajipiga mapajani.

"Domitila, umesikia? Anataka kulipa! Mwanangu, wewe una adabu ya shule. Nenda. Kitu chako utakipata."

Nilipanda ukingo nikiwa nimevimba kifua. Niliona wazi kwamba mzee ameheshimu elimu yangu.

Ile fimbo, wasomaji wangu! Mpini wa mninga, mwembamba juu, mnene kidogo pale kiganja kinapokaa, na chuma kimeingia kwenye mti kana kwamba viliota pamoja. Nilipoishika sikuinama tena. Mpira niliuona chini ya jicho langu la kushoto, umetulia, unaningoja. Nilifanya mazoezi kwenye ua wa nyumba niliyopanga, nikiwa peku, nikisukuma mpira uingie kwenye kikombe cha bati kilicholazwa. Mlio wa bati haukukatika, mpaka mwenye nyumba akanitaka nihamie kwa Wazungu wangu wapima mto.

Kwa hiyo wale wanaoniuliza kama kuna faida mtu kupimiwa fimbo na fundi wakati mpira wenyewe haujali, jibu langu siku zile lilikuwa moja. Faida ipo, na ni kubwa. Lilikuwa jibu la mtu ambaye bado hajavaa viatu.

Maana Jumamosi ilipofika nilivaa viatu. Ningeachaje? Mwalimu Marselino alisema viatu na kazi, na habari za Ifakara hufika Mchombe kabla ya mtu. Nikaazima vya Fulgensi, dresa wa zahanati, vya ngozi nyeusi, visigino virefu, soli nene kama mkate. Vilikuwa vikubwa, nikajaza magazeti mbele.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Wazungu wachache kwenye viti, sisi tuliobeba fimbo tumepiga mstari, na upande wa pili umati wa watu wa mtoni, wanawake wakiwa na kanga zao nzuri. Fundi Ponsiano alikuwa mbele yao kwenye kigoda. Nikashangaa tangu lini Wandamba hawa wa mtoni wamependa gofu.

Wengine walitolewa mapema. Tukabaki wawili, mimi na Kelestini.

Kelestini akachukua fimbo ya kwanza aliyoiona, ile iliyopinda. Akasukuma. Mpira ukaingia.

Nikashika fimbo yangu ya kupimwa. Nikaona kuna jambo. Chuma hakikulala mchangani. Kilisimama kwa kidole cha nyuma kama mbwa anayenusa. Nikainama kukifuata. Nikasukuma. Mpira ukaenda kushoto.

"Imepimwa hiyo!" akapaza sauti mtu.

Kelestini akaingiza tena. Mimi nikapitisha mbali. Nikaona kofia ya mnyapara inanipungia mkono. Nikamwona mtu wa Namawala, ambaye sijapata kumwona, anakaa kwenye kiti cha Mwalimu Marselino na kukosa maneno.

"Vua viatu!"

Ilikuwa sauti ya kuvusha mto. Ponsiano amesimama, kigoda kimeanguka nyuma yake.

"Vua viatu, wewe! Nilipima mtu, sikupima ng'ombe aliyemvaa miguuni!"

Umati ukapasuka kwa kicheko. Mimi nikasimama pale na jasho. Kumbe fundi alinipima nikiwa peku ndani ya mtumbwi, kwa sababu tangu azaliwe hajaona mtu anayeingia kazini na viatu, na mimi msomi sikukumbuka kumwambia. Viatu vya Fulgensi vilikuwa vimeniinua, fimbo ikabaki chini.

Sasa nichague. Viatu ni Rosa. Lakini kazi nayo ni Rosa, na bila kazi viatu vyenyewe vingerudi kwa Fulgensi jioni ile.

Nikakaa chini mbele ya Wazungu na Waafrika, nikavua. Magazeti yakachomoka.

"Msomi huyu!" akasema mama mmoja. "Hata miguu yake inasoma!"

Acha wacheke. Nikasimama peku juu ya mchanga wenye oili, vidole vikashika, magoti yakalegea, chuma kikalala. Nikauona mpira chini ya jicho langu la kushoto. Nikasukuma.

Ukaingia.

Kelestini akakosa. Labda si kicheko kilichomwondoa, maana tangu Ponsiano aliposimama kunitetea, Kelestini hakuacha kumtazama mzee huyo. Akakosa tena. Mimi nikaingiza, nikaingiza, na mara ya mwisho mpira ulizunguka ukingo wa shimo kama bibi anayetafuta mlango, ukatumbukia.

Bwana Rula akanivika kofia. "Jumatatu saa moja," akasema.

Vigelegele vikalipuka upande wa mtoni, si vya gofu hivyo. Wanawake walinizunguka. Shangazi mmoja akanipaka unga kipajini. Mwingine akanifunga kanga begani. Wakaimba wimbo ambao sikuujua, kila ubeti ukiishia na jina langu na jina la Domitila. Nikafikiri wanamtaja kwa kuwa ni binti wa fundi aliyetengeneza fimbo. Nikacheza kidogo.

Kelestini alinisubiri pembeni, kwenye kivuli cha lori. Akanipa mkono. Ulikuwa baridi.

"Hongera kwa yote mawili."

"Mawili yapi?"

"Kazi na mke."

"Rosa bado, bwana. Ndiyo kwanza nina—"

"Rosa gani? Eustaki, katika ukoo wa Ponsiano kijana hasemi nataka mke. Anakwenda kwa baba wa binti na zawadi mkononi, anasema nipime. Asipotakiwa anafukuzwa. Akitakiwa anapimiwa kafi, na kafi hilo halilipiwi. Wanunuzi wengine hununua lililokwisha chongwa, wanalipa na kwenda zao."

Nikayakumbuka yote kwa mpigo. Jogoo, kigoda, kifafa, na mzee akicheka mpaka mtumbwi unatikisika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia usiende."

"Ungeniambia sababu!"

"Nimwambie mtu kwamba nimefukuzwa kwa Domitila mara ngapi?" akasema, akaondoka.

Jumapili baada ya misa nikateremka mtoni nikiwa nimejifunga kibwebwe. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa utaratibu kama tulivyofundishwa: salamu, shukrani, kosa, msamaha. Nikamkuta fundi amekaa na dereva Dionisi, ambaye lori lake lilikuwa limetoka kuvuka kwa pantoni na sasa linakwenda Mlimba. Dionisi alikuwa anatafuna karanga. Domitila alikuwa anaosha vyombo hatua chache kutoka pale.

"Shikamoo, baba. Baba, nimekuja na jambo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati wake. Kaa. Mkono wangu haujui kalamu. Andika barua."

"Baba, jambo langu—"

"Jambo baadaye, Dionisi ana haraka. Andika. Kwa ndugu yangu Donati, Mlimba. Mwambie, kijana wenu tumempima, ametutosha. Njooni na wazee tuzungumze."

Kalamu ikabaki hewani. Nikasema, "Baba, ngoja kwanza nikueleze."

Ponsiano akanitazama kwa huruma.

"Umechoka kwa mipira yako. Si neno. Dionisi, niitie Kelestini, yule naye ameonja shule kidogo. Ataandika yeye."

Kelestini! Mwandiko wa Kelestini ulikuwa kama kuku aliyepita kwenye matope. Mjomba wangu Donati, aliyenilea, aliyewaambia Mlimba nzima kwamba mwana wa dada yake ni msomi, apokee karatasi ya namna ile yenye jina langu ndani?

"Hapana, baba," nikasema. "Naandika."

Niliandika. Naona haya kusema kwamba niliandika vizuri. Herufi kubwa nilizipa mikia, mistari ikanyooka bila rula, na pale fundi aliposema "ametutosha" nikaongeza "kwa kila hali", kwa sababu sentensi ilikuwa inadai. Domitila akaacha vyombo, akaja akasimama nyuma yangu akisoma, maana alisoma kwa masista.

"Gundi," akasema baba yake.

Domitila akaleta punje za wali uliopoa. Nikazisaga kwa kidole, nikapaka, nikafunga bahasha, nikaibonyeza mpaka ikashika. Dionisi akaifuta mikono yake kwenye suruali, akaitia barua katika mfuko wa shati.

"Hongera, bwana harusi," akasema akipanda. "Mimi sina kinyongo na habari njema. Nitazitangaza njia nzima, naanza na Mchombe. Nalala kwa Mwalimu Marselino leo."

Lori likanguruma. Nikainuka, nikapunga mikono, nikaita. Ponsiano naye akapunga, akidhani tunamuaga.

Vumbi lilipokuwa linatua, Domitila alisogea karibu yangu, akasema kwa sauti ndogo ambayo baba yake asingeisikia:

"Nilikuwa nangoja ukatae. Wewe baba angekusikia. Mimi na Kelestini tukisema, yeye hatusikii."